Magoti Chini ya Dirisha

Privatus Byabato alikuwa na kazi tatu na kasuku mmoja, na ukimuuliza kipi kilimtoa jasho zaidi, angekuapia kuwa ni kasuku.

Kazi zenyewe zilikuwa kazi za kweli. Mwaka ule wa 1968 alikuwa karani wa orodha ya vibanja pale Muleba. Zamani mtu alilima kibanja cha nyarubanja, yaani shamba lililohesabiwa kuwa la mkubwa fulani, akazaa humo watoto, akazika humo wazazi, na bado kikawa si chake. Kila mwaka alimpelekea mkubwa huyo mikungu ya ndizi na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, na akiitwa kufanya kazi, alikwenda. Sasa Serikali ilikuwa imesema basi. Aliyelima na aje aandikwe, na akishaandikwa kibanja ni chake yeye na watoto wake. Ambaye jina lake halitakuwamo daftari litakapofungwa, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa kumi na mbili jioni, huyo atajuana na mkubwa wake.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Ya pili ilikuwa kupanda baiskeli na kwenda kupima mipaka. Ya tatu ilikuwa mikutano, maana siku zile hakuna kilichofanyika bila mkutano, na hakuna mkutano ulioanza bila watu wote kuitikia "Uhuru na Kazi!" Privatus aliipenda kaulimbiu hiyo kwa moyo wote. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, hajaoa, shati lake limepigwa pasi hata siku za tope, na aliamini kwamba mtu mwenye kazi nyingi ni mtu mwema. Wako watu wazima ambao mpaka leo wanaamini hivyo, na sina hamu ya kubishana nao.

Kasuku alimpata alipokuwa karani mdogo kule Maruku. Mtu mmoja wa Minziro alimletea kinda la rangi ya majivu lenye mkia mwekundu, ndege ambaye Wahaya humwita enkusu, na jina hilo likamkaa. Walipokuwa Hamugembe, nyumbani kwa dada yake Georgina, Enkusu hakuwa na shida. Georgina alishinda nyumbani akimenya ndizi na kuongea peke yake, na ndege akaongea naye. Shida ilianza Privatus alipohamishiwa Muleba, akapanga chumba kwa mama mmoja mjane aitwaye Penina. Alitoka alfajiri ndege bado amejikunyata, akarudi ndege amekwisha kulala. Baada ya mwezi mmoja Enkusu akaanza kujinyonyoa. Alianza na kifua, akahamia mapajani, mpaka akabaki na ngozi tupu kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto.

"Yesu na Maria!" Penina alisema siku moja, mkono mdomoni. "Bwana Privatus, huyu si mgonjwa. Huyu anakufa kwa upweke. Ama uoe mke wa kumwongelesha, ama umpeleke huko ofisini unakoshinda."

Kuoa kulihitaji muda, na muda hakuwa nao. Katikati ya Juni akafunga tundu la ndege kwenye kibebeo cha baiskeli na kumpeleka ndege ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa kibanda cha mbao cha vyumba viwili, kilichosimamishwa kwa ajili ya kazi hiyo ya miezi mitatu. Mbele kulikuwa na dirisha la kuhudumia watu, na kwa ndani Privatus alikuwa ametundika pazia la mafunjo kuzuia vumbi la barabara. Akajipangia ratiba, na kwa kweli aliipanga vizuri. Kuanzia saa moja mpaka saa nne asubuhi aliandika watu, na ndege alikaa chumba cha nyuma na njugu zake na kipande cha pera. Saa nne alifunga mlango, akasogeza tundu mpaka nyuma ya pazia ili ndege apate hewa na kusikiliza watu wakipita, kisha akapanda baiskeli. Alirudi saa tisa, wakati mwingine saa kumi, akaandika ripoti.

Ratiba ikazaa matunda. Enkusu akaota manyoya upya. Akaanza pia kusema. Alikohoa kama Penina, akalia kama kengele ya baiskeli, akapiga "Uhuru na Kazi!" kwa sauti ya mkutano mzima. Yale aliyosikia mara nyingi kuliko yote aliyasema vizuri kuliko yote, kwa sauti ya Privatus mwenyewe, kavu kidogo, ya mtu asiyeinua macho kwenye karatasi. Privatus alicheka mpaka machozi. Alimwandikia dada yake kwamba amepata dawa ya kuwa na kazi nyingi na ndege mwenye afya, na kwamba wenzake wa Bukoba wanaodai hawana nafasi hata ya kufuga paka waje kwake awafundishe.

Na kazi nayo ikawa nyepesi. Mwanzoni, mwezi wa Juni, alikuwa akirudi mchana anakuta watu wamejaa mbele ya kibanda, wamekaa kwenye majani. Kufika Julai hapakuwa na mtu. Akaona ni matokeo ya mipango mizuri.

Siku moja mwanzoni mwa Agosti alikuwa akipima mpaka kwenye vibanja vya mzee Byarugaba, mmoja wa wakubwa wa zamani, mwendo wa saa mbili kutoka Muleba kwa miguu. Wanaume wote waliolima kwa mzee huyo walikuwa wameandikwa, na Privatus alitegemea kukuta uso wa chuki. Byarugaba alimpokea kwa kicheko na kahawa ya kutafuna.

"Unafanya kazi nzuri, mwanangu," alisema. "Nilipita pale ofisini kwako mchana mmoja. Nikasikia kwa masikio yangu jinsi unavyofanya kazi. Endelea hivyo hivyo."

Privatus akashukuru. Kando ya njia palikuwa na kibanja kilichotunzwa kuliko vyote, migomba imewekewa nyasi, mibuni imepogolewa, na chini ya mti wa mulumba kaburi lililozungushiwa mawe. Akauliza ni cha nani.

"Cha mjane mmoja, Immakulata. Mumewe ndiye yule pale kwenye mawe. Huyo hajajiandikisha. Labda hataki."

"Mwambie aje. Siku ya mwisho ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, akichelewa atakipoteza. Ofisi yangu iko wazi kwa kila mtu."

"Nitamwambia," alisema Byarugaba, akageuka kutema ganda la kahawa.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Saa sita mchana Landrova ya Serikali ikapanda kilima, na humo akatoka Bwana Mustapha, mkaguzi kutoka Bukoba, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufumwa na miwani. Alikuja kulichukua daftari na kuondoka nalo jioni. Alikaa, akalifungua, akalamba kidole. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, na Privatus alisimama pembeni akingoja sifa.

"Wanaume mia tatu na kumi na wanne," alisema Mustapha hatimaye.

"Ndiyo, bwana."

"Wanawake wako wapi?"

Privatus akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Wanawake, bwana?"

"Wajane. Muleba hawafi wanaume? Kamachumu wameandikwa wajane arobaini. Kwako sioni hata mmoja. Hata mmoja, Byabato. Nimegeuza kurasa zote."

Privatus akalivuta daftari. Mwandiko ulikuwa wake, kila jina alikuwa ameliandika kwa mkono wake. Rwegasira, Rwegasira mwingine, baba, babu, mwana. Miezi mitatu alikuwa akiandika na hakuona.

"Hawakuja," alisema.

"Hawakuja," alirudia Mustapha, akimwangalia juu ya miwani. "Haya. Twende tule, kisha utanieleza kwa nini wajane wa Muleba hawapendi ardhi."

Privatus, kwa mazoea, akasogeza tundu dirishani, akafunga mlango. Wakaenda kwenye mkahawa wa Saburi, wakala ndizi na maharage. Privatus hakujua anakula nini. Walipokuwa wakirudi, hatua thelathini hivi kutoka kibandani, waliona mwanamke amepiga magoti chini ya dirisha.

Hilo halikuwa jambo la ajabu. Mwanamke wa Kihaya aliyelelewa vizuri humwamkia mtu wa heshima akiwa amepiga magoti, macho chini. Privatus alikuwa ameona maelfu ya wanawake wamepiga magoti na hakuwahi kufikiria mtu aliyepiga magoti anaona nini. Sasa, kutoka barabarani, aliona. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa cha yule mwanamke. Mbele ya macho yake palikuwa na mbao tu.

"Hodi, waitu," alisema yule mwanamke kwa upole, akiziita mbao bwana mkubwa.

Ndani ya kibanda karatasi ikachakarika. Pakasikika kikohozi. Kisha sauti ya Privatus Byabato, karani wa orodha, kavu, ya mtu asiyeinua macho, ikasema:

"Nina kazi. Njoo kesho."

Mustapha alisimama ghafla. Akageuka kumtazama Privatus, aliyekuwa bega kwa bega naye, mdomo umefungwa. Akatazama dirisha. Akamtazama tena.

"Samahani, waitu," yule mwanamke alikuwa akisema, bado magotini. "Nimetoka mbali. Ni neno moja tu."

"Nina kazi. Njoo kesho."

"Asante, waitu."

Akainuka kwa kushika ukuta, akapangusa magoti, akaweka kikapu kichwani, akaondoka kwa njia ya upande wa pili. Hakutazama nyuma. Kwa nini atazame? Alikuwa ameongea na Serikali na Serikali imemjibu.

Kichwani mwa Privatus zilipita siku zote za Julai alizorudi na kukuta majani ya mbele ya kibanda hayana mtu, na jinsi alivyofurahi. Wanaume walikuja asubuhi, wakasimama, wakamwona. Wanawake walimaliza kwanza kulima, kuchota maji na kupika, wakafika mchana, wakapiga magoti. Na kesho yake wakarudi mchana, wakapiga magoti tena. Hakuna hata mmoja aliyeshuku. Hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote. Ndege alisema maneno manne na nchi nzima ikaamini kuwa ni yeye.

"Ni nani yumo humo?" Mustapha aliuliza, sauti imeshuka.

"Kasuku," alisema Privatus, na neno lenyewe likasikika la kipuuzi mno mdomoni mwake hata akatamani ardhi impasukie.

"Kasuku."

"Wangu, bwana. Alikuwa anajinyonyoa."

Mustapha alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Byabato," alisema, "leo hakuna kesho."

Ndipo Privatus akakimbia. Alimpata yule mwanamke kwenye kona ya kuteremkia bondeni. Aliposikia miguu na kugeuka na kuona shati lililopigwa pasi, mwanamke akashusha kikapu na kuanza kupiga magoti palepale barabarani.

"Usipige magoti, mae, mama yangu! Nakuomba, simama! Rudi, nikuandike. Jina lako nani?"

"Immakulata, tata," alijibu, akimwita baba. "Mke wa marehemu Ildefons, kwenye vibanja vya Byarugaba."

"Rudi nikuandike kibanja chako sasa hivi. Bado kuna muda."

Mama yule alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Kibanja? Kibanja niliacha kukiomba, tata. Nimekuja mara sita. Byarugaba ameniambia jana kwamba kesho nihame, kwa sababu ofisi imenikataa. Leo nimekuja kuomba kibali."

"Kibali cha nini?"

"Cha kufukua kaburi. Siwezi kumwacha mume wangu kwa watu. Wajomba zangu wa Kemondo wamekubali nimzike kwao. Wameniambia lazima nipate karatasi ya Serikali, nisije nikakamatwa njiani nikiwa na mifupa."

Alisema hayo kwa utulivu, kama mtu anayeagiza chumvi. Kikapu kilikuwa miguuni pake, na ndani yake Privatus aliona shuka jeupe limekunjwa vizuri. Akashika tawi la mti kando ya njia, akalibana mpaka likavunjika.

Walirudi ofisini, na jina la Immakulata likaandikwa mbele ya Mustapha, na Mustapha akalisoma kwa sauti mara mbili. Mama alisikiliza. Hakushangilia. Aliuliza tu, "Na wenzangu je? Tulikuwa kumi na mbili tuliokuwa tukija pamoja kutoka kwetu. Wenzangu walichoka."

Saa nane ilikuwa imepita. Landrova isingepita njia ile ya migombani, na Mustapha alisema yeye atakaa na daftari wazi mpaka saa kumi na mbili, dakika moja isizidi, maana ndivyo sheria ilivyosema na yeye hakuitunga. Privatus akampakia Immakulata kwenye kibebeo, palepale alipokuwa akifunga tundu, wakashuka mlima kwa mwendo wa kuvunja shingo.

Kwenye kibanja cha kwanza, cha mjane aitwaye Klaudia, Privatus aliegesha baiskeli na kupaza sauti. "Hodi! Mama Klaudia! Ni karani wa orodha! Toka, uje leo, upesi!"

Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Kulikuwa na watu wakiongea, na waliposikia sauti yake, wakanyamaza. Mlango ukavutwa kwa ndani. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, na kuku wakakimbia. Hakuna aliyetoka.

"Nyamaza, tata," alisema Immakulata nyuma yake. "Sauti yako wanaijua."

Akashuka kwenye baiskeli, akaita mwenyewe kwa Kihaya, jina la Klaudia na jina la mtoto wake wa kwanza, na mlango ukafunguliwa. Tangu hapo Privatus hakufungua kinywa. Alikanyaga pedali, na mama wa watu akaita, kibanja baada ya kibanja, mpaka sauti ikamkauka. Wengine walikuwa wagonjwa. Mmoja alikuwa amekwenda Bukoba kwa binti yake. Kwa Joviana walikuta migomba imelazwa chini yote, mwenyewe ameikata kwa panga siku mbili zilizopita asiwaachie watu, na sasa ameketi juu ya gogo, hataki kusikia habari ya daftari. Walijaribu kumwinua, akawaambia wamwache, kwa sababu hana tena kitu cha kuandikisha.

Saa kumi na mbili kasorobo wanawake wanne walifika Muleba kwa miguu, wakikimbia, kanga zimepanda magotini. Ukimhesabu na Immakulata, walikuwa watano kati ya kumi na mbili. Mustapha aliwaandika kwa mkono wake, hakumpa Privatus kalamu. Saa ilipofika alipiga mstari chini ya jina la mwisho, akafunga daftari na kuliweka chini ya kwapa.

"Nitaandika nilichokiona," alisema. "Wale saba nitawaombea huko juu, lakini siahidi. Na sijui nitaandikaje kitu hiki mtu akakisoma bila kucheka." Yeye mwenyewe hakucheka.

Landrova ilipoondoka, Privatus aliingia ndani na kutoka na tundu. Enkusu, manyoya yote yamerudi, alikohoa kikohozi cha Penina na kutaka njugu. Privatus alifungua kimlango, akaingiza mkono kutafuta shingo ya ndege, na kila aliyekuwepo alijua anakwenda kufanya nini.

"Mae, nisamehe," alisema, machozi yakimtoka waziwazi mbele ya wanawake wale. "Mmeona wenyewe. Si mimi. Mungu ni shahidi yangu, mae, mimi nisingekufukuza. Ni huyu. Mara zote sita ni huyu!"

Immakulata alikuwa akifunga tena kikapu chake na lile shuka. Hakupandisha sauti, haikuwepo tena ya kupandisha.

"Mara tano," alisema. "Mara ya kwanza ilikuwa mwanzo wa Juni. Hakukuwa na ndege siku ile, wala pazia. Nilikuwa na mkungu kichwani, nikashindwa kupiga magoti, kwa hiyo nilikuona. Ulisema una kazi, nije kesho. Ulikuwa unakunywa chai."

Privatus alimtazama usoni, mkono ungali ndani ya tundu, akajaribu kwa nguvu zake zote kuikumbuka siku hiyo, chai hiyo, uso huo chini ya mkungu wa ndizi. Alitafuta mpaka wanawake wakaanza kuondoka, mmoja baada ya mwingine, kuwahi giza. Hakukumbuka kitu.